Je, farasi tunayemwona kwenye mchoro wa wino yumo kweli kwenye jiwe?

Mwanakweli (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, salamu.

Nina swali kuhusu vipande vidogo vya mawe vya kabla ya historia ambavyo vimechanjwa michoro, yaani vile vinavyoweza kubebwa mkononi, si michoro iliyo kwenye kuta za mapango. Katika makumbusho na katika vitabu, kipande cha namna hii mara nyingi huwekwa kando ya mchoro wa wino unaokifafanua. Mchoro wa wino huonyesha farasi aliye dhahiri, mwenye shingo, masikio na mkia. Lakini ukilitazama jiwe lenyewe unaona mikwaruzo tele iliyopitana huku na huku, na farasi humwoni mpaka uoneshwe alipo. Ukishaoneshwa, huwezi tena kutomwona, na hapo ndipo shaka yangu inapoanzia, kwa kuwa macho yaliyokwisha kuambiwa hayafai kuwa shahidi.

Ningependa kuelewa ni nani anayeamua kwamba mistari hii kumi ni ya farasi na ile ishirini iliyobaki ni mikwaruzo isiyo na maana. Pia, mtaalamu anajuaje kwamba mkwaruzo ulifanywa na mkono wa mtu, wala si mzizi, barafu au sururu ya mchimbaji mwenyewe? Na mwisho ni suala la umri. Jiwe linaweza kuwa na mamilioni ya miaka kabla ya mtu yeyote kuliokota, na mtu angeweza kulichanja jana. Sasa ile miaka elfu kumi na nne iliyoandikwa kwenye kibandiko imetoka wapi?

Nitashukuru kwa majibu yenye mifano halisi.

---

Mwalimu Tabaka

Ndugu Mwanakweli, nitaanza na sehemu ya mwisho ya swali lako, ile ya umri, kwa sababu ndiyo inayobeba nyingine zote.

Ni kweli kwamba hakuna kipimo cha kawaida kinachoweza kutaja mwaka ambao mstari ulichanjwa juu ya jiwe. Kipimo cha kaboni huhitaji kitu kilichowahi kuwa hai, kama vile mkaa, mfupa au mbegu, na uwezo wake hukoma kwenye miaka 50,000 hivi. Kwa hiyo kinachopimwa ni udongo uliolifunika jiwe na vitu vilivyolala nalo. Jiwe likikutwa chini ya tabaka ambalo halijavurugwa, mchoro wake hauwezi kuwa mpya kuliko tabaka hilo, na mkaa au mifupa iliyokuwa pembeni yake hutupatia makadirio ya wakati jiwe lilipoachwa pale. Tunachokipata ni wakati wa kuachwa, ambao kwa kawaida hauko mbali sana na wakati wa kuchanjwa, ingawa hakuna sheria inayomkataza mtu wa kale kuokota jiwe lililochanjwa na watu waliomtangulia.

Mfano wenye nguvu kuliko yote ninayoifahamu ni Pango la Blombos, kwenye pwani ya kusini ya Afrika Kusini. Mwaka 2002 timu ya Christopher Henshilwood ilitangaza vipande viwili vya ngeu (udongo mgumu mwekundu wa kupakia rangi) vilivyochanjwa mistari ya mshazari inayokatana, vyenye umri wa miaka 77,000 hivi. Kipimo cha kaboni hakifiki huko hata kidogo. Watafiti walipima mawe yaliyoungua motoni katika matabaka hayo ili kujua ni lini yalipata joto kali kwa mara ya mwisho, wakapima na punje za mchanga ili kujua ni lini ziliangaziwa na jua kwa mara ya mwisho. Juu ya matabaka yenye ngeu kulikuwa na mchanga wa pwani uliopeperushwa na upepo, ambao uliziba kila kilichokuwa chini yake. Mtu wa baadaye asingeweza kupenyeza kipande cha ngeu humo bila kuacha alama ya kuvuruga mchanga huo. Baadaye, mwaka 2009, vilitangazwa vipande vingine vya ngeu kutoka pango hilohilo, baadhi yake vikiwa na umri wa miaka 100,000 hivi.

Mfano wa pili ni Gönnersdorf, karibu na Mto Rhine nchini Ujerumani. Mahali hapo paligunduliwa mwaka 1968 watu walipokuwa wakichimba chumba cha chini ya nyumba, na Gerhard Bosinski aliongoza uchimbuaji uliofuata. Kulikuwa na sakafu za makazi zilizotandikwa vipande bapa vya sleti, na juu ya vipande hivyo kumepatikana mamia ya michoro: farasi, mamothi (jamaa wa tembo waliotoweka), na zaidi ya maumbo 400 ya wanawake waliochorwa kwa ubavu, wasio na vichwa wala nyayo. Umri wake unakadiriwa kuwa karibu miaka 15,800. Kilicho muhimu kwa swali lako ni kwamba eneo lote lilifunikwa na mawe mepesi ya volkano ya Laacher See, iliyolipuka miaka 13,000 hivi iliyopita. Kifuniko cha namna hiyo humaliza ubishi kuhusu mikono ya karne zetu.

Kwa bahati mbaya makusanyo mengi makubwa hayana kifuniko wala daftari. Katika karne ya 19 wachimbaji walitafuta vitu vya kupendeza, wakavitenga na udongo wake, na mara nyingi hawakuandika kipi kilikuwa juu na kipi kilikuwa chini. Mawe kutoka Montastruc, kusini mwa Ufaransa, yalichimbuliwa katika miaka ya 1860 na kununuliwa na Makumbusho ya Uingereza mwaka 1887. Hakuna anayetilia shaka kwamba ni ya kale, lakini umri wake unategemea zaidi ulinganisho wa mitindo na vitu vilivyopatikana pamoja nayo kuliko nafasi ya kila kipande ardhini. Ukiona kibandiko kinachotaja kipindi kirefu cha maelfu ya miaka, usikidharau. Huenda ndicho kibandiko chenye ukweli zaidi kwenye kabati zima.

---

Zuhura wa Ghalani

Shikamoo Mwalimu Tabaka, na asante kwa maelezo. Mimi nafanya kazi ya kutunza makusanyo ya mawe, kwa hiyo nitazungumzia mistari yenyewe.

Ndugu Mwanakweli, mstari uliochanjwa ukiutazama kwa hadubini una kuta mbili, sakafu, mwanzo na mwisho. Ncha ya gumegume, jiwe gumu lililotumiwa kuchanja, haijanyooka kama sindano ya kiwandani. Ina meno madogo, na meno hayo huacha mistari myembamba sana ndani ya mstari mkubwa, yote ikielekea upande mmoja. Mzizi huyeyusha uso wa jiwe kwa asidi na kuacha njia iliyopindapinda, yenye sakafu ya mviringo isiyo na mistari ya ndani. Barafu inayosukuma mawe hukwaruza uso wote kwa mwelekeo mmoja, bila kujali kingo. Sururu ya mchimbaji huacha kovu jeupe au jipya lenye rangi tofauti na ngozi ya jiwe iliyozeeka, na jembe la chuma huweza kuacha chembe za kutu. Hakuna dalili moja kati ya hizi inayotosha peke yake, lakini zikikaa pamoja huwa vigumu kudanganyika.

Kuna dalili nyingine ninayoipenda zaidi, nayo ni namna mstari unavyoishia. Kwenye kipande kidogo cha gumegume kutoka Kiik-Koba, katika rasi ya Crimea, kilichopatikana kwenye tabaka la Waneandertali (jamii ya binadamu wa kale waliotoweka), uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha mistari mifupi iliyochanjwa kwenye gamba la nje la jiwe. Uso huo ni mdogo sana, lakini mchanjaji aliizuia mistari yake ndani ya mipaka ya gamba. Mtu anayekata nyama juu ya jiwe hana sababu ya kuujali ukingo. Mtu anayechora anayo.

Sasa nije kwenye suala la mchoro wa wino, ambalo naliona kuwa ndiyo shaka yako halisi, na shaka hiyo ni halali kabisa. Mchoro wa wino ni usomaji. Aliyeuchora alikaa na jiwe kwa saa nyingi, akiligeuza chini ya mwanga wa pembeni unaopita sambamba na uso ili kila mfereji uonyeshe kivuli chake, kisha akaamua. Wataalamu wawili wenye ujuzi sawa hawatoi mchoro unaofanana kwa kila mstari. Chapisho zuri huonyesha kwanza mistari yote kwa wino mwembamba, ndipo mistari iliyochaguliwa ikakolezwa, ili msomaji ajue nini kimeachwa. Chapisho baya huonyesha farasi peke yake kwenye ukurasa mweupe, na kwa maoni yangu makumbusho yanayotundika farasi huyo bila mistari mingine yanamnyima mtazamaji nusu ya jiwe.

Pango la La Marche, katika mji wa Lussac-les-Châteaux nchini Ufaransa, linaonyesha ugumu huu ulivyo. Uchimbuaji ulianza mwaka 1937 na ukatoa zaidi ya mawe 1,500 yaliyochanjwa, baadhi yake yakiwa na nyuso za watu, jambo lililo adimu mno katika sanaa ya zama hizo. Mistari imerundikana juu ya mistari kiasi kwamba mtafiti Léon Pales alichukua miaka mingi kuifumbua. Nyuso zipo, nimeona nakala kadhaa na sina shaka nazo. Lakini ukweli kwamba uso fulani upo hauthibitishi kila nywele na kila kofia iliyochorwa kwenye mchoro wa wino wa uso huo.

Siku hizi tuna msaada mkubwa. Kamera huwekwa mahali pamoja bila kusogezwa, taa ikahamishwa kutoka pembe moja hadi nyingine, kisha kompyuta ikaziunganisha picha hizo zote ili mchunguzi aweze kuuzungusha mwanga kwenye skrini anavyotaka. Njia hiyo ilitumika kwa kidani cha mwambatope kilichopatikana Star Carr, Uingereza, mwaka 2015, chenye umri wa miaka 11,000 hivi, ambacho mistari yake ni myembamba kiasi cha kuonekana kwa shida kwa macho matupu. Ilitumika pia kwa mawe ya Gönnersdorf aliyoyataja Mwalimu: mwaka 2024 watafiti walitangaza kwamba baadhi ya vipande vina maumbo ya samaki yaliyofunikwa na mistari ya kimia, ambayo wanaisoma kuwa ni wavu au mtego. Mawe hayo yalikuwa yamekwisha kuchimbuliwa na kuhifadhiwa kwa miongo kadhaa. Mistari iliyokuwa ikipuuzwa ndiyo iliyobadilisha maana ya kipande.

---

Kifaru Mkongwe

Nawaheshimu waliotangulia, ila naona tumekuwa wapole mno kwa makumbusho.

Historia ya vitu hivi imejaa udanganyifu. Katika miaka ya 1870, michoro miwili ya dubu na mbweha iliyodaiwa kutoka Kesslerloch, Uswisi, ilifichuliwa na Ludwig Lindenschmit kuwa imenakiliwa kutoka kwenye kitabu cha watoto. Hiyo ilikuwa mifupa, nakubali, lakini mchezo ni uleule. Huko Glozel, Ufaransa, kuanzia mwaka 1924 shamba moja lilitoa vigae vya udongo vyenye alama kama herufi pamoja na mawe yenye wanyama waliochanjwa. Tume ya kimataifa ilifika mwaka 1927 na kutoa uamuzi kwamba sehemu kubwa ya vitu hivyo haikuwa ya kale. Tena hata La Marche ilishukiwa na wataalamu wa wakati wake, kwa sababu nyuso zile zilionekana za kisasa mno.

Funzo ninalolipata ni kwamba mtindo haufai kuwa hakimu. Kwa mtindo walikubali bandia, na kwa mtindo huohuo walikaribia kuikataa La Marche. Kwa hiyo sikubaliani na Mwalimu anaposema kwamba umri wa mawe ya Montastruc kwa ulinganisho wa mitindo ni jambo la kuridhisha.

---

Mwalimu Tabaka

Ndugu Kifaru, sikusema kwamba linaridhisha. Nilisema kwamba kibandiko kinachokiri upana wa makadirio ni bora kuliko kinachotaja mwaka mmoja. Hata hivyo, mtindo una nguvu pale unapojengwa juu ya matabaka. Pango la Parpalló, karibu na Gandia nchini Hispania, lilichimbuliwa na Lluís Pericot kati ya mwaka 1929 na 1931, likatoa zaidi ya vibamba 5,000 vilivyochanjwa au kupakwa rangi, vyote vikitoka kwenye matabaka yanayofuatana kwa maelfu ya miaka. Vinahifadhiwa Valencia. Kwa mfululizo mrefu kiasi hicho unaweza kuona jinsi namna ya kuchora mguu au pembe ilivyobadilika kutoka tabaka hadi tabaka, na ulinganisho unaotegemea mfululizo huo hauwezi kuwekwa kundi moja na mtu aliyekaa kitini akasema tu kwamba mchoro fulani unaonekana wa kale.

---

Mwanakweli

Nawashukuru nyote. Majibu yamenipa zaidi ya nilichoomba, na Bi Zuhura amenielewa vizuri.

Naomba niongeze mambo mawili. Nimesoma mahali kwamba mistari mifupi iliyopangwa kwa safu juu ya mawe na mifupa ilikuwa hesabu ya siku za mwezi. Je, hilo bado linakubalika? La pili ni ule mrundikano wenyewe. Kama mchoraji alikuwa na ustadi wa kuchora farasi mzuri namna ile, kwa nini achore mwingine juu yake, ilhali mawe matupu yalikuwa yamejaa kila mahali?

---

Zuhura wa Ghalani

Kuhusu kalenda, wazo hilo lilienezwa na Alexander Marshack, ambaye alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuchukua hadubini na kuvitazama vitu hivi kwa uzito unaostahili, na kwa hilo tunamdai shukrani. Alidai kwamba vikundi vya alama vilichanjwa kwa vifaa tofauti kwa nyakati tofauti, jambo ambalo lingetarajiwa kwa mtu anayeongeza alama usiku baada ya usiku. Francesco d'Errico alilijaribu dai hilo kwenye kokoto zilizochanjwa za kipindi cha Azili, kile cha mwishoni mwa zama za barafu. Alichanja mawe mwenyewe, akalinganisha mifereji ya majaribio na ile ya kale, na mwaka 1989 akachapisha matokeo yake: kwenye kokoto hizo alama zilifanywa kwa mfululizo, na ncha ileile iliacha meno yaleyale kutoka mstari hadi mstari. Mtu aliyechanja mistari yake yote kwa kikao kimoja hakuwa akingoja mwezi uandame. Hilo haliondoi uwezekano wa hesabu kwenye vitu vingine. Mfupa wa Ishango, kutoka Kongo, wenye mistari iliyochanjwa kwa safu, bado unajadiliwa. Lakini kila kitu sharti kithibitishwe peke yake, kwa mifereji yake.

Kuhusu mrundikano, nadhani swali lako limebeba dhana kwamba mchoro ulikusudiwa kubaki. Tazama vipande vya Les Varines, kwenye kisiwa cha Jersey, vilivyochapishwa mwaka 2020. Ni vipande kumi tu vya kibamba laini, vyenye umri wa miaka 14,000 au zaidi kidogo. Uchunguzi wa hadubini ulionyesha kwamba mistari ilionekana vizuri pale tu ilipochanjwa, kwa sababu ya unga mweupe uliobaki ndani ya mfereji, na unga huo ulipopeperuka mchoro ulififia. Kama ndivyo, uso uleule ungeweza kuchorwa tena na tena, na kila farasi mpya angeonekana peke yake kwa muda huku waliomtangulia wakiwa wamekwisha kutoweka machoni. Sisi tunaowasha taa za pembeni leo tunawaona wote kwa pamoja, kitu ambacho pengine hakuna mtu wa wakati ule aliyekiona.

---

Mwalimu Tabaka

Nakubaliana na Bi Zuhura, nami naongeza kwamba mawe haya mara nyingi hayakutunzwa. Ya Gönnersdorf yalikanyagwa kama sakafu. Ya Montastruc yaliwekwa karibu na moto: uchunguzi wa Andrew Needham na wenzake, uliochapishwa mwaka 2022 kutokana na mawe 50 ya Makumbusho ya Uingereza, ulikuta wekundu wa kuungua kwenye kingo za mawe ya chokaa. Walitengeneza nakala, wakazichoma kwa njia mbalimbali ili kulinganisha wekundu huo, kisha wakaonyesha kwa kompyuta kwamba mwanga unaochezacheza wa moto huwafanya wanyama waliorundikana waonekane kama wanasogea.

---

Kifaru Mkongwe

Wekundu naukubali, kwa kuwa unaonekana na unaweza kujaribiwa tena. Hiyo sehemu ya wanyama wanaosogea naiweka kando. Jiwe linaweza kuwa lilichanjwa mchana, likatupwa pembeni ya moto mwaka uliofuata ili kuzuia kuni zisiporomoke.

---

Zuhura wa Ghalani

Ndugu Kifaru, waandishi wenyewe waliujadili uwezekano huo, na majaribio ya nakala yalifanywa hasa ili kutenganisha jiwe lililotumika kama kizuizi cha moto au la kupikia na lile lililowekwa karibu na moto tu. Waliona kwamba alama za Montastruc zinaafikiana zaidi na mawe kuwekwa karibu na moto. Pamoja na hayo nakubali kwamba kutoka hapo hadi kusema watu walikaa wakiwatazama farasi wakikimbia ni hatua ambayo wekundu peke yake hauwezi kuithibitisha.

Kwako Mwanakweli, utakaposimama tena mbele ya kabati, usianze na mchoro wa wino. Inama hadi macho yawe karibu usawa wa uso wa jiwe, kisha sogea taratibu upande mmoja hadi mwingine ukitafuta pembe ambayo taa ya kabati inatupa vivuli, kwani taa nyingi huangaza kutoka juu na kuifuta mistari yote. Tafuta mahali mistari miwili inapokatana na uangalie ni upi ulioukata mwenzake. Pakiwa na mng'ao mzuri, jambo hilo wakati mwingine huonekana hata bila lenzi. Ndipo usome mchoro wa wino, na uhesabu mistari uliyoiona ambayo mchoraji hakuiweka. Ikiwa ni mingi, andika namba ya kipande iliyo kwenye kibandiko na uwaombe watunzaji picha ya jiwe iliyopigwa kwa mwanga wa pembeni; makumbusho mengi huwa nayo kwenye kumbukumbu zao hata kama hayakuitundika ukutani.